Nimeshapata kadi ya Open Water, ile ya kwanza ya kuzamia kwa mtungi, sasa nisome nini? Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja boti ikiwa njiani kurudi kutoka Mnemba, kisiwa kidogo kando ya Unguja. Mitungi imeshafungwa, watu wamejifunika mataulo, sahani ya nanasi inazunguka, na mtu aliyetoka kumaliza mbizi yake ya sita anasogea upande wangu: "Mwalimu, sasa nifuate ipi?" Nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka, ndiyo maana nimeamua kuandika. Nitafuata zaidi utaratibu wa PADI, shirika la kimataifa la kufundisha kuzamia, kwa kuwa ndio ulioenea pwani hii, toka Watamu na Diani mpaka Unguja na Mafia. Ukiwa na kadi ya shirika jingine usiondoke, liko swali lako huko chini.

Na jambo moja la lugha kabla hatujaanza. Huku kwetu tunasema tu "kuzamia". Wewe wa bara ukimpigia mama simu kumwambia unasomea kuzamia, mfafanulie haraka, asije akadhani umetafuta meli ya kwenda Ulaya.

Ni lazima niendelee na kozi nyingine?

Si lazima. Kadi ya Open Water haiishi muda wake, na inakuruhusu kushuka na mwenzako mpaka mita 18. Kasa wa Mnemba, matumbawe ya Misali kule Pemba, makundi ya samaki ndani ya ghuba ya Chole, mengi ya hayo unayakuta kabla hujafika mita 18, tena kwenye mwanga mzuri. Ukishuka zaidi rangi zinazidi kupotea na kila kitu kinakuwa cha buluu. Ninao wageni wanaokuja kila mwaka na kadi ile ile ya kwanza, na wanazamia vizuri kuliko wengi wenye kadi tatu.

Kozi ichukue ukiwa na jibu la swali hili: kuna mbizi gani naitaka ambayo leo siiwezi au siruhusiwi? Kama huna jibu, pesa hiyo lipia mbizi za kawaida.

Advanced Open Water ni ya watu waliobobea?

Jina linadanganya. Ni mbizi tano tu za kuonja mambo mapya ukiwa na mwalimu. Mbili ni za lazima, ya kina na ya kutumia dira chini ya maji, na tatu unachagua mwenyewe. Ukimaliza unaruhusiwa mpaka mita 30. Mtihani mgumu hakuna, na hakuna sharti la kuwa na mbizi kadhaa kabla ya kuanza: unaweza kumaliza Open Water Jumanne na kuanza Advanced Jumatano.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Mbizi yangu ya kina ilikuwa ya sita maishani. Tulishuka pembeni mwa mwamba, maji safi, ukiangalia chini huoni mwisho. Nilipofika mita 28 nikatazama geji ya hewa, mshale uko kwenye 70. Nikaitazama tena. Namba naiona lakini hainiambii kitu, kama mtu anayesoma saa akiwa usingizini. Huo ndio ulevi wa nitrojeni. Unakuja taratibu na wala hauumi, nami nilikuwa nimeridhika kabisa kuendelea kuitazama ile 70. Mwalimu ndiye aliyenishika mkono, akanipa regileta yake ya akiba, kile kifaa cha kupumulia, na kunipandisha. Kadi nilipewa jioni ile ile. Kituo kilifuata utaratibu wake wote, siwezi kusema kilivunja sheria, ila nilijua kabisa kwamba sikuwa mtu wa kupelekwa mita 30.

Basi nisubiri mpaka nifikishe mbizi ngapi?

Sheria haisemi. Mimi nasema kumi na tano hadi ishirini, za kina kidogo, ikiwezekana mahali tofauti tofauti. Sababu ni hesabu ambayo naiandika mchangani kwa kijiti karibu kila wiki.

Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa hewa ya bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo). Una lita 2,400 za hewa. Toa bar 50 za akiba, ambazo hazina mjadala, unabaki na lita 1,800. Mzamiaji mgeni, mwenye wasiwasi kidogo na anayepiga mapezi ovyo, anaweza kuvuta lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kila mita 10 unazoshuka zinaongeza bar moja ya mgandamizo, kwa hiyo mita 10 anavuta 40 kwa dakika, na mita 30 anavuta 80. Gawanya: mita 10 anakaa dakika 45, mita 30 anakaa dakika 22, na humo humo kuna muda wa kushuka, wa kupanda, na dakika tatu za kusimama mita 5 kwa usalama. Amekuja kuangalia ukingo wa mwamba, ataangalia geji.

Baada ya mbizi ishirini mtu huyo huyo mara nyingi anavuta 14 au 15. Hajafundishwa siri yoyote. Ameacha kuogopa, ameondoa kilo mbili za risasi, ile ya uzito wa kuzamisha, kiunoni, na mikono imetulia. Mjomba wangu, anayewinda pweza kwa pumzi yake mwenyewe na mkuki, aliponiona na vitabu aliniuliza, "Kwa hiyo wewe unalipa kufundishwa kupumua?" Nilicheka, lakini ndivyo ilivyo.

Zile mbizi tatu za kuchagua, nichukue zipi?

Ya kwanza iwe ya kuelea. Yaani kukaa katikati ya maji bila kupanda wala kuzama, ukipandisha na kushusha mwili kwa pumzi tu. Asiyeweza hili anavunja matumbawe kwa mapezi, anamaliza hewa, na kwenye kituo cha mita 5 anapaa juu kama puto. Mwombe mwalimu muifanye siku ya mwanzo, zile nne zilizobaki zitakuwa nyepesi.

Ya pili, kwa pwani yetu, ni ya kwenda na mkondo. Bahari ya huku inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua maji yanaweza kutofautiana karibu mita nne. Maji yote hayo yanapita kwenye milango myembamba, kama Kinasi pale Mafia au Njao kule Pemba, na yakipita yanakuchukua. Utajifunza kuacha kupigana nayo, kukaa karibu na mwenzako, na kurusha boya la ishara ukiwa bado chini ili nahodha akuone. Kurusha boya kunaonekana rahisi mpaka kamba ikuzunguke mguu. Ukipata nafasi ya kuchagua siku, chagua maji mafu, siku bahari inapojaa na kupwa kidogo.

Ya tatu chagua unayoipenda. Kuzamia usiku ni kuzuri, pweza wanatoka. Kuna pia mbizi ya kuzamia kutoka kwenye boti, lakini wewe huku umezamia kwa boti tangu siku ya kwanza, sioni utalipia nini.

Naitroksi ni nini, na je, niichukue kabla ya Advanced?

Ni hewa iliyoongezwa oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, na mchanganyiko unaotumika sana una 32. Nitrojeni ikipungua kwenye mtungi, mwili nao unameza kidogo, hivyo unaruhusiwa kukaa chini muda mrefu zaidi. Mita 30 kwa hewa ya kawaida, jedwali la PADI linakupa dakika 20. Ukiwa na naitroksi ya 32 mwili unahesabu kama uko mita 24 na nusu hivi, na kwa mita 25 jedwali linatoa dakika 29.

Hapo watu hufurahi. Lakini rudi kwenye hesabu ya mchangani. Mita 18 jedwali la hewa ya kawaida linakupa dakika 56. Mgeni anayevuta lita 20 atafikia bar 50 dakika ya 32. Sasa naitroksi imemsaidia nini, wakati mtungi umeisha kabla ya muda? Kwa mtu wa namna hiyo kozi hii ina faida akizamia mara tatu kwa siku, siku nne au tano mfululizo, kama wanaolala kwenye boti Pemba. Kwa mbizi mbili za Jumamosi haina haraka.

Nikishasema hayo, ndiyo, unaweza kuichukua kabla ya Advanced. Ni siku moja, mambo mengi ni ya kusoma, na utafundishwa kupima mtungi wako mwenyewe kabla ya kuondoka. Usikubali kupimiwa. Oksijeni nyingi ukishuka nayo chini kupita kiasi ni sumu, inaleta degedege, na mtu akipata degedege majini regileta inamtoka mdomoni. Kwa 32, mwisho ni mita 33. Watu hudhani naitroksi ni ya kushukia chini zaidi kumbe ni kinyume chake.

Nataka kuona meli zilizozama. Nisome ya meli moja kwa moja?

Inategemea meli. Great Northern, ile ya Waingereza ya kutandaza nyaya za simu za baharini, iko mita 12 hivi karibu na Mji Mkongwe. Kadi yako ya sasa inatosha kabisa. Mombasa kuna MV Dania, iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 iwe nyumba ya samaki, na chini yake ni karibu mita 30, basi hiyo ni ya mwenye Advanced. HMS Pegasus, manowari ya Waingereza iliyopigwa na Königsberg, manowari ya Wajerumani, hapo bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, iko karibu mita 40. Hiyo inataka kozi ya kina, ambayo ndiyo inayokufikisha 40, na inataka uzoefu wa miaka.

Kuzunguka meli kwa nje hakuhitaji kadi ya meli. Kuingia ndani ndiko kunakohitaji, na huko ndani vumbi likitimka huoni hata mkono wako.

Rescue, kozi ya uokoaji, si ya wanaotaka kazi? Mimi nazamia kujifurahisha tu.

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu Rescue ndiyo kozi ambayo ningempa kila mtu kama ingekuwa hiari yangu. Zile nyingine zinakufundisha kujiangalia mwenyewe. Kwenye hii unageuka, kwa mara ya kwanza unamtazama mwenzako: anapumua vipi, macho yako wapi, amenyamaza tangu lini. Wengi waliopata matatizo majini walionyesha dalili wakiwa bado kwenye boti. Mtu wa mzaha ameacha mzaha. Mtu anafunga na kufungua mkanda ule ule mara tatu.

Masharti: uwe na Advanced, au angalau Adventure Diver, yaani mbizi tatu za kuonja ikiwemo ile ya dira, na uwe umesoma huduma ya kwanza na kufufua moyo ndani ya miezi 24 iliyopita. Kisha jiandae kuchoka. Utamwendea mtu anayepapatika juu ya maji na kujifunza kwamba anaweza kukupanda kichwani, hivyo unamkaribia kutoka nyuma au kutoka chini. Utatafuta mtu aliyepotea kwa dira na kamba. Utamtoa chini mtu aliyezimia, utampulizia pumzi kila baada ya sekunde tano huku unamvuta kuelekea botini na kumvua jaketi na mtungi, yote kwa pamoja, na kila ukianza kushika kamba ya jaketi unasahau kuhesabu. "Moja, mbili, tatu, ai, nilikuwa wapi?" Na mwalimu, ambaye ndiye maiti wa siku hiyo, anafungua jicho moja: "Nimeshakufa. Rudia." Tunarudia mpaka adhuhuri.

Siku yake ya kwanza mwanafunzi mmoja, mama wa Dar mwenye watoto watatu, aliniambia hana nguvu za kuvuta mwanaume wa kilo 90. Siku ya tatu alinivuta mita hamsini na mimi si mwembamba. Majini kazi inataka mbinu kuliko misuli.

Nataka kuajiriwa. Divemaster, yaani kiongozi wa wazamiaji, inawezekana kwa mtoto wa hapa?

Inawezekana, na wapo wengi toka Nungwi, Matemwe, Utende na Diani waliopita njia hiyo. Uwe na miaka 18, Rescue mkononi, huduma ya kwanza iliyo hai, cheti cha daktari cha ndani ya miezi 12, na mbizi 40 ili kuanza. Utamaliza ukiwa na 60 au zaidi. Kozi ni ya wiki kadhaa, na humo kuna kuogelea kwa kupimwa muda, kuchora ramani ya mwamba, na kujibu mitihani ya fizikia.

Niseme jambo ambalo vipeperushi havisemi. Kuna vituo vinavyokufundisha bure kwa makubaliano ya kubeba mitungi miezi sita, halafu miezi inakuwa kumi na mbizi zako hazijafika thelathini. Andikishianeni: mbizi ngapi kwa wiki, tarehe ya kumaliza, nani analipia vitabu na ada ya kadi. Ukiwa mtoto wa mvuvi unakuja na kitu ambacho hakifundishwi kwenye kozi yoyote. Unajua mwezi, unajua maji yatageuka saa ngapi, unajua kusi ikianza upande gani wa kisiwa unakuwa na mawimbi. Kitu hicho kina bei, usikitoe bure. Kiingereza nacho kifanyie kazi, na Kiitaliano kidogo kama uko Watamu au Malindi.

Master Scuba Diver na Divemaster ni kitu kimoja?

Sio. Master Scuba Diver ni heshima ya kujifurahisha: Rescue, kozi tano maalumu, na mbizi 50. Haikupi kazi. Divemaster ndiyo ngazi ya kwanza ya kazi.

Kadi yangu ni ya SSI. Au ya CMAS. Naweza kuendelea na PADI?

Ndiyo. Mashirika yanatambuana kwa ngazi hizi za mwanzo, na mwenye nyota moja ya CMAS anahesabiwa sawa na Open Water. Angalia majina tu. SSI wana Advanced Adventurer, ambayo ni mbizi tano za kuonja kama ile ya PADI, na wana Advanced Open Water Diver, ambayo hupewi mpaka ukamilishe kozi nne maalumu na mbizi 24. Jina linafanana, kazi iliyofanyika ni tofauti sana, na binafsi naona SSI hapo wametenda haki zaidi. Ukiniuliza shirika lipi bora nitakuuliza mwalimu wako ni nani.

Naonea wapi papa potwe, na niwe na kadi gani?

Mafia, upande wa Kilindoni, hasa Oktoba mpaka Februari. Kadi haihitajiki. Wanakula karibu na uso wa maji, unaogelea na maski na mapezi tu. Asikuuzie mtu kozi kwa ajili yao.

Mwanangu ana miaka 13 na ana Open Water ya watoto.

Kwa miaka 12 hadi 14 anaweza kuchukua Advanced ya vijana na kushuka mpaka mita 21, akiwa na mtu mzima mwenye kadi. Akifika 15 anabadilishiwa kadi. Wa miaka 10 na 11 wabaki kwenye mita zao 12.

Sijazamia miaka miwili. Nianze na kozi mpya ili nijikumbushe?

Usifanye hivyo. Fanya kwanza mbizi ya kujikumbusha, nusu siku tu kwenye maji machache: kutoa maji kwenye maski, kurudisha regileta, kupumulia ya mwenzako. Anayejikumbusha ndani ya mbizi ya kina anajikumbusha mahali pabaya.

Nina mafua kidogo, na siku nne tu za likizo.

Masikio yakigoma kusawazisha, kozi imeahirishwa. Dawa ya kufungua pua inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, na hapo unashindwa kupanda bila maumivu. Kwa pumu, moyo, ujauzito au upasuaji wa karibuni, jaza fomu ya afya kwa ukweli na umwone daktari kabla hujalipa.

Mbona bei zinatofautiana hivi?

Kwa sababu wengine wanakutajia kozi na wengine wanakutajia kozi pamoja na kila kitu. Uliza moja moja: vitabu au masomo ya mtandaoni, ada ya kadi, vifaa, boti, na ada ya hifadhi ya bahari. Mbizi tano za Advanced ni safari ngapi za boti? Uliza bei ya mkaazi, ipo vituo vingi na mara nyingi hawaitaji mpaka uulize. Na uliza mtakuwa wangapi. Utaratibu unaruhusu wanafunzi mpaka wanane kwa mwalimu mmoja. Kwenye mkondo mimi sipokei zaidi ya wanne, na mwenye kukupa bei ya chini kabisa huenda anaifidia hapo.

Nikimaliza kozi napanda ndege jioni, au naenda Kilimanjaro.

Subiri saa 18 baada ya mbizi za siku kadhaa, na ukiweza timiza 24. Hewa nyepesi ya juu inafanya nitrojeni iliyobaki mwilini itoke kwa viputo, mlimani ni vile vile. Feri ya kwenda Dar haina shida. Anayetaka vyote viwili apande mlima kwanza, kisha aje baharini kuuguza miguu.

Nimeshaamua. Siku ya kwanza nimwambie nini mwalimu?

Mwambie mbizi yako ya mwisho ilikuwa lini, ulipanda na bar ngapi, ulivaa kilo ngapi za risasi, na kitu gani kilikuogopesha. Mpe daftari lako la mbizi alisome. Asipolifungua, tafuta mwingine.